Upande wa Dirisha

Jumatatu, 13 Aprili

Mwalimu ametuagiza kila mmoja awe na shajara ya Kijapani, sentensi tatu kwa siku. Ninayo, ina jalada la bluu na imejaa uongo: leo nilikunywa chai, leo nilitembea bustanini, hali ya hewa ni nzuri. Sijakanyaga bustani mwaka huu, na mvua haijakatika tangu Alhamisi. Daftari hili ni la pili. Humu naandika kwa lugha yangu na hakuna wa kunisahihisha.

Nianze na hesabu. Nina miaka ishirini na tisa na miezi minne. Miaka kumi na moja nimekuwa fundi umeme wa magari katika gereji ya mjomba wangu. Kuna chuo cha umeme wa magari huko Japani kinachochukua watu sita kutoka kwetu, gharama zote juu ya kampuni moja ya vipuri. Hawapokei mtu aliyetimiza thelathini. Sharti lingine ni kufaulu mtihani wa Kijapani ngazi ya nne, Jumapili ya tarehe 5 Julai. Wiki kumi na mbili kasoro siku moja. Mwakani nitakuwa nimeshapitwa.

Mtihani una alama mia na themanini, na ukipata tisini umefaulu. Lakini sitini kati ya hizo ni za kusikiliza, na humo usipofikisha kumi na tisa umeanguka hata kama kwingine umezoa zote. Kanuni hii nimeisoma mara tatu nikitafuta upenyo. Haina.

Jumanne, 14 Aprili

Mdogo wangu, ninayeishi naye, kaniuliza tena kwa nini Kijapani, lugha ngumu hivyo, wakati watu wanakwenda nchi nyingine kwa lugha wanazozijua. Nilimjibu ovyo. Jibu lenyewe ni hili.

Magari tunayotengeneza yametumika kule kabla ya kuuzwa huku. Ukiwasha, mwanamke ndani ya dashibodi anakusalimia na kukuambia jambo. Mwaka wangu wa kwanza mteja aliniuliza, huyu anasema nini? Nikasema sijui. Akacheka, akawaambia wenzake kwamba hapa kuna fundi ambaye mgonjwa anajieleza na yeye haelewi. Wiki ile nilinakili kila karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Onyo. Joto kali. Usiguse. Hakuna aliyenifundisha, mjomba kazi yake ilikuwa kupiga kelele tu. Leo nasoma herufi mia sita na kumi. Na yule mwanamke nilishamwelewa: anasema kadi ya kulipia ushuru wa barabara haijaingizwa. Miaka yote ile alikuwa anadai kadi.

Jumamosi, 18 Aprili

Jaribio la kwanza la kusikiliza. Maswali ishirini. Nimepata sita.

Darasa letu liko juu ya duka la vioo, chini ya bati. Tuko kumi na wanne. Spika imetundikwa juu ya ubao, katikati. Kushoto kuna madirisha, kulia kuna mlango. Mimi hukaa kulia kabisa, karibu na mlango, ili nikimaliza nikimbilie kazini. Leo mvua imepiga bati mpaka Mwalimu akawa anachezesha midomo tu. Nilimwambia jaribio hili si halali. Akasema wengine wamesikia.

Aliyepata ishirini ni binti wa miaka kumi na tisa ambaye wote tunamwita Katuni, kwa sababu Kijapani chake chote amekitoa kwenye katuni alizotazama akiwa amejilaza kitandani. Hawezi kusoma hata kibao cha choo. Mimi nasoma gazeti kwa kubahatisha, na yeye ndiye aliyenicheka. Mwalimu alinitaka nijitambulishe kwa Kijapani, nikajitambulisha, darasa likaangua vicheko. Kumbe nazungumza kama yule mwanamke wa kwenye dashibodi, sauti ile ile, mapumziko yale yale.

"Dada Fundi," Katuni akasema, "ukianza kuzungumza mimi natafuta mkanda nifunge."

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Herufi nane mpya.

Jumamosi, 25 Aprili

Saba. Mvua juu ya bati. Wa nyuma yangu kapata kumi na sita na ndiye anayesinzia.

Jumatano, 29 Aprili

Mwalimu ana kisa na mimi. Aliishi kule miaka saba akifanya usafi hospitalini, sasa anajiona yeye ndiye mwenye lugha. Leo aliniuliza swali mara tatu, ya tatu akiwa amesimama mbele ya pua yangu, kama mtu anayezungumza na mtoto. Nilimjibu sawasawa. Badala ya kunisifu aliniangalia kwa muda, akaenda zake.

Jumamosi, 2 Mei

Kumi na nne! Nilichelewa, mjomba alinipa gari dakika ya mwisho kwa makusudi, nikakuta viti vyote vimekaliwa isipokuwa kimoja dirishani, ambako manyunyu yanaingia na hakuna anayepataka. Nimelowa bega lote la kushoto. Lakini kumi na nne. Wiki hii nilisikiliza kanda saa mbili kila siku kabla ya kwenda kazini, kwa hiyo dawa ni hiyo. Nitafanya saa tatu.

Jumamosi, 9 Mei

Kumi na tatu. Dirishani tena, bega limelowa tena.

Jumanne, 12 Mei

Mjomba kaona kitabu changu kwenye meza ya kazi. Aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kama magari sasa yananisemesha hadi mimi nataka kuyajibu. Mafundi wakacheka. Nikamwambia ndiyo, na yana adabu kuliko watu wengine. Akaenda kumkemea mtu mwingine. Huyu ni kaka wa marehemu mama yangu, alinichukua nikiwa na miaka kumi na minane, na sijamsikia hata siku moja akizungumza kwa sauti ya kawaida.

Jumamosi, 16 Mei

Kumi na tano. Mvua kubwa, dirishani. Nimeanza kuota ndege.

Jumamosi, 23 Mei

Tano.

Mvua imekatika tangu Jumatano. Jua limewaka, bati kimya, darasani unasikia hata kalamu ikiandika. Hapakuwa na kisingizio hata kimoja. Saa tatu za kanda kila siku kwa siku kumi na tisa, na nimepata tano, chini ya ile alama ya kwanza niliyoipata kwenye gharika.

Katuni alikuwa akinitazama. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikashuka ngazi bila kuaga. Kazini nimeunga waya mwekundu mahali pa mweusi, kosa ambalo sijalifanya tangu mwaka wa pili. Wiki sita zimebaki. Sijui nifanye nini zaidi ya nilichofanya. Nikiongeza saa nyingine itabidi niache kula.

Jumatatu, 25 Mei

Mdogo wangu kasema labda sina kipaji cha lugha, kuna watu Mungu hakuwapa. Nimemwambia asinisemeshe leo.

Jumamosi, 30 Mei

Sita. Jua.

Nimekaa chumbani na karatasi saba za majaribio nimezitandaza sakafuni. Gari likisumbua huulizi lina kipaji au halina. Unaandika lilizimika lini, wapi, likiwa na joto gani, kisha unatafuta kinachojirudia. Nikapiga mistari.

Siku za mvua: sita, saba, kumi na nne, kumi na tatu, kumi na tano. Siku za jua: tano, sita. Yaani nasikia vizuri zaidi wakati wa kelele. Hiyo haiwezekani, kwa hiyo mvua siyo. Saa za kanda: hazilingani na chochote. Nikaandika nilipokaa. Mvua ikinyesha hakuna anayetaka dirisha, nami nikichelewa nakipata kiti hicho. Jua likiwaka wote wanakimbilia dirishani kufuata upepo, nami nabaki mlangoni.

Mlangoni: sita, saba, tano, sita. Wastani sita. Dirishani: kumi na nne, kumi na tatu, kumi na tano. Wastani kumi na nne.

Nikikaa dirishani spika iko kulia kwangu. Nikikaa mlangoni iko kushoto.

Nimekaa hapo sakafuni mpaka mdogo wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 1 Juni

Nilihitaji mtu wa kunipima na sikuwa na wa kumwomba ila Katuni, maana ndiye pekee mwenye matamshi ya kuaminika. Nilitegemea vicheko. Nilimweleza kwenye ngazi za darasa, akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Tukafanya hivi: mimi nimekaa nimempa mgongo, sikio moja nimeliziba kwa pamba na kidole, yeye ananong'ona maneno kumi, mimi naandika. Kulia: tisa. Kushoto: moja, na hilo moja nilikisia. Akarudia bila mimi kuomba. Kushoto: sifuri.

"Dada Fundi, mimi nilidhani unaringa," akasema. "Nikikusalimia upande ule hunijibu. Nikasema huyu dada anajiona."

Kisha akaniomba nimfundishe kusoma, kwa sababu mtihani wa kusoma ataanguka na mama yake hajui. Tumekubaliana. Saa moja yake, saa moja yangu, kila siku kabla ya kipindi.

Alhamisi, 4 Juni

Hospitali. Walinifungia kwenye kichumba kama kabati, nikavikwa spika za masikioni, nikaambiwa nibonyeze nikisikia mlio. Muda mrefu sikubonyeza kitu nikadhani mashine haijawashwa.

Mpimaji ni mtu wa maneno machache, nilimpenda kwa hilo. Kasema sikio la kushoto limeshuka desibeli sitini na mbili na halitarudi. La kulia limeshuka ishirini, nalo lisipolindwa litafuata. Akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akauliza kuna nini upande wangu wa kushoto nikiwa kazini.

Kuna kompresa. Kuna kompresa ya upepo, mita moja na nusu kutoka meza yangu, upande wa kushoto. Saa sita kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, miaka kumi na moja. Saa elfu kumi na tisa na mia nane. Nilizijumlisha hapo hapo kwenye kiti chake, naye akanisubiri nimalize. Kanipa cheti chenye mchoro na muhuri.

Ijumaa, 5 Juni

Nilimkuta mjomba ofisini nikaweka cheti mezani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nilitaka kumwambia kwamba sijapewa chochote bure katika gereji hii, kila nilichonacho nimekitoa kwa mikono yangu, na yeye amechukua ambacho siwezi kukitengeneza. Nikamuuliza kwa nini alinikalisha pale.

Alisoma cheti polepole. Akasema waya wa umeme ulikuwa mfupi. Kompresa haikuweza kufika mbali zaidi.

"Waya," nikasema. "Mjomba, mimi ni fundi umeme. Waya ningeuunga kwa dakika kumi."

Akageuza kichwa akaniomba nirudie. Nikarudia. Akageuza tena upande wa pili, kama mtu anayetafuta mawimbi ya redio, na hapo nikaelewa, nikaona aibu ya kutoelewa miaka yote hiyo. Hasikii. Hajawahi kunifokea, alikuwa anaitafuta sauti yake mwenyewe. Aliniambia masikio yake yalianza kufa mwaka wa tatu wa gereji, yote mawili, na kwamba kila fundi ana sikio lake bovu, ndiyo kazi ilivyo. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya betri.

Nilitaka kumhurumia na nilishindwa. Alijua. Alijua kinachotokea kwa mtu anayekaa pale, na alinikalisha pale.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda ofisi ya mtihani kuomba kiti cha kushoto mwa ukumbi. Karani kasema inawezekana kwa cheti cha daktari, na nakala ya cheti itawekwa kwenye faili linalokwenda kwa mfadhili. Nikauliza lazima? Lazima. Fomu ya mfadhili ina mstari unaouliza kama una kasoro ya macho au masikio. Mwezi wa pili niliandika hapana, na nilikuwa sisemi uongo.

Cheti kilikuwa mkobani. Nilimwambia karani nitarudi. Sirudi. Nani atatoa nafasi moja kati ya sita kwa fundi aliyeharibika, wakati mia wamepanga foleni wakiwa wazima?

Ijumaa, 12 Juni

Tumehamisha meza yangu, mimi na wenzangu wawili. Mjomba alitazama tu.

Jumamosi, 20 Juni

Dirishani. Kumi na sita. Mwalimu alikuwa ameweka daftari lake kwenye kile kiti kabla hatujaingia, nilipofika akaliondoa. Nikamuuliza tangu lini anajua. Kasema tangu alipouliza swali mara tatu. Wagonjwa wazee wa hospitali ile walikuwa hivyo, wanatazama midomo. Hakuniambia kwa sababu hakutaka kumtangazia mtu jambo lake. Nilikuwa nimemwandika vibaya humu. Sifuti, ila nimeandika.

Jumatatu, 29 Juni

Siku sita. Katuni anasoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti. Mimi silali vizuri.

Jumapili, 5 Julai

Naandika haya kwenye ngazi za ukumbi.

Nilikuwa nimepiga hesabu. Namba yangu ni 47. Viti vikipangwa saba kwa mstari, 47 ni mstari wa saba, kiti cha tano, mahali pabaya lakini karibu na katikati. Nilifanya mazoezi ya kugeuza kiti kidogo na kuegemea mkono, ili sikio la kulia lielekee mbele bila msimamizi kushtuka. Nilikuwa nimemaliza.

Wamepanga nane kwa mstari. 47 ikaangukia mstari wa sita, kiti cha saba, upande wa kulia wa ukumbi. Spika moja tu, mbele kushoto, juu ya jukwaa. Msamiati na kusoma nilifanya vizuri, mkono wenyewe ukienda. Kisha mapumziko ya dakika ishirini kabla ya kusikiliza, na msimamizi akajaribu spika. Ilisikika kama mtu anayezungumza ndani ya tangi la maji.

Dakika nane za kwanza nilisimama chooni. Nikipima hivi: bila cheti, kwa kiti kile, napata sita kati ya ishirini, yaani kumi na nane kati ya sitini. Moja pungufu. Mwaka mzima, na moja pungufu. Nikitoa cheti, pengine nafaulu mtihani na kukosa nafasi. Njia zote mbili naweza kurudi gereji. Tofauti ni kwamba moja inaniacha nikiwa nimeanguka mtihani ninaoujua.

Msimamizi mkuu alikuwa bwana mzee kutoka kule kule. Nilimwendea na cheti, kilikuwa bado mkobani. Nilitaka kumpa tu, lakini aliniuliza jambo kwa Kijapani, na ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza. Nikasema kwamba sikio langu la kushoto halisikii. Nilisikia sauti yangu nikijua si ya yule mwanamke wa dashibodi, maana ilikuwa inatetemeka, na yeye hatetemeki.

Alisoma. Akaita wenzake wawili. Wakaandika, wakapiga muhuri. Kisha akanionyesha kiti cha mtu ambaye hakuja, mstari wa mbele, kushoto kabisa. Nilipopita, watu waliinua vichwa. Wote sasa wanajua, na kesho faili litajua.

Maswali ishirini na nane. Kumi na tisa nina uhakika nayo.

Julai

Sina la kuandika. Kazini, nyumbani. Pamba sikioni.

Jumatatu, 24 Agosti

Matokeo. Mia moja thelathini na moja. Kusikiliza, thelathini na nane. Katuni kafaulu kwa alama tisini na mbili, kanililia kwenye simu, sikio la kulia.

Barua ya mfadhili imekuja siku hiyo hiyo. Wameona taarifa ya msimamizi. Kamati ya watu watano itakaa Ijumaa kuamua kama chuo kinaweza kunipokea, na kabla ya hapo kuna mahojiano ya simu, Jumatano.

Jumatano, 26 Agosti

Aliyepiga kutoka chuoni ni mwanamke, mtu mzima, anazungumza taratibu. Aliuliza nimefanya kazi gani, kwa muda gani, sikio lilianza lini. Nilimpa namba zote. Mwisho akaniuliza kama nina swali. Mwalimu alitufundisha kujibu hapana, asante. Nikamuuliza kompresa ya karakana yao iko umbali gani kutoka meza za wanafunzi.

Akasema hajui. Akaniomba nisubiri, akaweka simu chini, nikasikia mlango, kisha hatua zinapotea. Nilisubiri dakika sita. Aliporudi alikuwa anahema.

"Hatua hamsini na mbili," akasema, "na kuna ukuta katikati."

Alikuwa amekwenda kuzihesabu.

Ijumaa, 28 Agosti

Watatu kwa wawili. Wamenikubali. Natakiwa niwe huko tarehe 30 Septemba.

Nilimpata mjomba uani, ameinama kwenye injini. Nilisimama upande wake wenye afadhali nikamwambia nimepata nafasi, naondoka mwezi ujao. Hakuinua kichwa. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akaendelea kukaza nati. Mara ya tatu nilipaza sauti hadi mafundi wakaacha kazi, nikamwambia naondoka, mjomba, naondoka, na sikujua kama ninamfokea kwa ajili ya masikio yake au sikio langu.

Akaweka spana chini. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alizungumza kwa sauti ya chini.